Unyayo na Mwenye Unyayo

Yafaa tujiulize, ndugu wasomaji: mtu akipita na kuacha unyayo wake, sisi tunaokuja nyuma tuna haki ya kusema nini juu yake? Swali hili laonekana dogo, lakini hapa kwetu pwani watu wamepigwa, na wengine wamehama vijiji vyao, kwa sababu ya jibu lililotolewa upesi mno.

Tuanze mbali kidogo. Huko Laetoli, upande wa Ngorongoro, mwaka 1976 wataalamu waliokuwa pamoja na Mama Mary Leakey waliona alama za miguu ya wanyama katika mwamba. Mwaka 1978 zikaonekana za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili kama sisi. Umri wake ni kama miaka milioni 3.66. Volkano ilimwaga majivu, mvua ikanyesha kidogo, viumbe wakapita. Kisha majivu yale yakagandamana, na mengine yakaja kuyafunika. Hata matone ya mvua yameacha vishimo vyake. Zipo nyayo za tembo, twiga, kanga na sungura. (Wako wanaofadhaika wakisikia hesabu ya miaka hiyo. Sisi tulifundisha Biblia na elimu ya viumbe chuoni, mara nyingine siku moja na darasa moja, wala hatukuona sababu ya kufadhaika. Lakini hiyo si hoja yetu leo.)

Unyayo una sifa moja ambayo mfupa hauna. Mfupa waweza kuchukuliwa na maji au fisi, ukaonekana mbali na alipofia mwenyewe. Unyayo hauhami. Wathibitisha kwamba mahali hapa hasa kiumbe hai alikanyaga. Upungufu wake ni kwamba mwenyewe amekwisha kwenda zake. Tembea ufukweni Mwambani au Kigombe maji yakitoka, utaona matundu na vidonge vya mchanga vimeyazunguka. Mtoto yeyote wa pale atakuambia ni kaa, kwa kuwa amemwona kaa akiifanya kazi hiyo. Je, kama kaa wote wangalikuwa wametoweka, tungalijuaje? Tundu laweza kuchimbwa na mmoja na kukaliwa na mwingine; na kaa yule yule akitembea, akila, akichimba, huacha alama tatu zisizofanana. Ndiyo maana wataalamu wa mambo haya huzipa alama za kale majina yake zenyewe, mbali na jina la mnyama. Twaona hiyo ni adabu njema.

Hata hivyo nao huvuka mpaka. Katika nyayo za Laetoli Mama Leakey aliona mahali ambapo mmoja wao kama amesita na kugeukia kushoto, akawaza kwamba labda aliangalia hatari fulani. Katika jumba la makumbusho la New York zikatengenezwa sanamu mbili, mwanamume na mwanamke, mume amemwekea mkewe mkono begani. Yapendeza kuangalia, lakini mkono wa begani hauachi alama katika majivu. Kugeuka, kama kulikuwapo, ni kwa unyayo. Hofu na mapenzi tumeyaleta sisi.

Katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Pangani duka lilivunjwa usiku. Asubuhi alama za katambuga zikaonekana zimepita chini ya dirisha, zikafuatwa mpaka kwa kijana mmoja mkata mkonge. Waliozifuata hawakukosea: zilikuwa zake, na mwenyewe hakukana. Ila hakuna aliyemwuliza alikuwa akienda wapi. Alikuwa akimfuata mkunga, mkewe ameshikwa na uchungu. Alipigwa hata akavunjika mkono, na baada ya wiki mwizi akapatikana Muheza na mali ya watu.

Mtasema, basi mwenye duka afanye nini, naye hana shahidi mwingine ila mchanga? Hoja hiyo ni ya haki, wala hatusemi alama zisifuatwe. Alama ile ilitosha kabisa kumfikisha mtu mlangoni na kubisha hodi. Yaliyofuata baada ya hodi hayakutoka katika mchanga.

Kule Laetoli zilikuwapo pia nyayo tano, zilizoonekana tangu 1976, ambazo wengine walisema huenda ni za dubu. Zikawekwa kando. Mwaka 2019 zikafukuliwa tena na kupimwa upya, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba aliyezikanyaga alitembea wima, lakini hakuwa wa namna moja na wale wa 1978. Hukumu ile ilikaa miaka mingi kabla ya kupimwa tena, na mwamba haukudhurika kwa kungoja. Kijana wetu hakupewa hata nusu saa. Mkono ule haukunyoka tena, na kazi ya mkonge akaiacha.