Je, Ni Utovu wa Adabu Kumwuliza Mgeni Habari za Kikohozi Chake?

Usiku wa tarehe 14 Machi 2019 tufani iitwayo Idai iliupiga mji wa Beira, katika Msumbiji. Mito ikafurika, nyumba na zahanati zikabomoka, na watu maelfu kwa maelfu wakakimbilia mashuleni na katika mahema. Msiba kama huo watuletea swali ambalo yatupasa kulifikiri: mgeni aliyepoteza kila kitu akikohoa usiku kucha nyumbani mwetu, je, tumwulize, au adabu yatuamuru kunyamaza?

Twajua ya kuwa kifua kikuu hakiletwi na mafuriko wala na upepo. Chaletwa na kijidudu kipitacho hewani, mgonjwa akohoapo. Basi watu wengi walalapo chumba kimoja, njaa ikawapunguza nguvu, na mwenye kutumia dawa akazikosa kwa kuwa zahanati imeharibika, ugonjwa hupata njia. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka 5: wakiambukizwa, huugua upesi kuliko watu wazima, na pengine ugonjwa huwapanda ubongoni. Tena mtoto mdogo ni shida kutoa kohozi la kupimwa. Na kukonda kwake, watu wa kambini hudhani ni njaa tu.

Wengine husema, "Kumwuliza ni kumwaibisha." Wengine husema, "Afukuzwe." Sisi twaona pande zote mbili zimekosea. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humwumbua. Walakini hapa kifo chaweza kumpita aliyeficha, kikamchukua mtoto asiyeficha neno. Naye afukuzwaye huenda na kikohozi chake nyumba ya pili, akiwa amejifunza kuficha zaidi.

Njia ya haki ni kuuliza kwa upole, kisha kufuatana naye hospitali. Ugonjwa huu hupona kwa dawa, kwa kawaida miezi 6, na atumiaye dawa zimfaazo huacha kuambukiza mapema, mara nyingi baada ya majuma machache. Watoto waliolala naye wapimwe, na wasiougua wapewe dawa ya kukinga. Chanjo ya BCG, iliyoanza kutumiwa mwaka 1921, huwakinga wachanga na ugonjwa ulio mkali, lakini haitoshi peke yake.

Basi, siku tutakayomtandikia mkeka jamaa aliyekimbia mafuriko, tumwulize pia habari za kifua chake, nasi tuwe tayari kwenda naye.