Barua ya Naamani

Soma 2 Wafalme 5:1-16. Mfalme wa Israeli aliona nini katika barua ya Naamani? Elisha aliona nini?

Naamani alivuka mpaka akiwa mgonjwa. Alikuwa na barua ya mfalme wake, fedha, dhahabu na farasi. Hata hivyo barua hiyo ilizua hofu. Mfalme wa Israeli alipoisoma alirarua mavazi yake, akidhani anatafutiwa ugomvi. Hofu yake ilikuwa na msingi, kwa maana Washami walikuwa wamekwisha kuteka watu wake. Elisha hakubishana juu ya hayo. Aliagiza mgonjwa aje kwake, na baadaye akakataa malipo.

Leo wapo wanaovuka mipaka bila barua yoyote. Nchini Ujerumani, sheria ya mwaka 1993 inawahusu wanaoomba hifadhi. Katika kipindi cha kwanza, ambacho tangu mwaka 2024 ni miezi 36, wanahakikishiwa matibabu ya magonjwa ya ghafla na maumivu, pamoja na huduma za ujauzito na uzazi. Mengi ya matibabu mengine hutegemea uamuzi wa ofisi. Hata asiye na kibali cha kuishi nchini amo katika sheria hiyo. Lakini kwa ugonjwa usio wa dharura, kwanza anatakiwa kuomba cheti katika ofisi ya ustawi wa jamii, na ofisi hiyo inabanwa na sheria nyingine kuwaarifu watu wa uhamiaji. Haki ipo, ila anayeidai anaweza kufukuzwa nchini kwa sababu ameidai. Basi mwenye presha hukaa nayo nyumbani hadi aanguke, kwa kuwa kwenye dharura siri yake hulindwa.

Wapo waumini watakaosema kwamba serikali ina haki ya kujua walio ndani ya mipaka yake (Warumi 13:1-7), na kwamba matibabu hulipiwa kwa kodi za wananchi, ambao nao hupanga foleni. Hoja hiyo isipuuzwe. Msamaria mwenyewe hakujifanya kwamba matunzo ni bure. Alitoa dinari mbili na kuahidi zaidi (Luka 10:35). Lakini mtu anaweza kukubali kabisa kwamba asiye na kibali arudishwe kwao kwa utaratibu wa haki, na bado akaona kwamba kwa daktari si mahali pa kumnasia. Mfalme alikuwa na kazi yake, na nabii yake. Mgonjwa akishajua kwamba kazi hizo zimeunganishwa, humficha daktari ukweli, au haji kabisa. Kama ana kifua kikuu, atakaa nacho mtaani, katikati ya wenye vibali na wasio navyo.

Tena aliyemwelekeza Naamani alikuwa binti mdogo aliyetolewa kwao kwa nguvu. Hakuwa na barua, wala jina lake halikuandikwa. Maandiko hayasemi kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza yeye hali yake.

Swali la kujadili: Zahanati ya kanisa iko karibu na mpaka. Ofisa anafika na kuomba daftari la wagonjwa ili awatafute wasio na vibali. Muuguzi wa zamu ni muumini anayetaka kuitii serikali. Amjibu nini? Na kanisa lenu liko tayari kubeba gharama gani kwa ajili ya jibu hilo?