Azae Mara Moja Kwanza

Huko Nabuyoga, wilayani Tororo, palikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa mahindi. Alinunua kwa wakulima, akayaweka stoo hadi bei ipande, ndipo akayapeleka Busia mpakani. Adui wake alikuwa panya. Kila asubuhi alikuta gunia jingine limetobolewa. Shemeji yake akamletea paka jike wa miezi mitatu, na wiki chache baadaye stoo ikatulia.

Siku moja daktari wa mifugo alikuja kumtibu ng'ombe wa jirani, akamwona yule paka. "Mama, huyu akifikisha miezi minne tumfunge kizazi."

Mama akacheka. "Daktari, huyo si bado mtoto? Mwache azae mara moja kwanza. Tena mkimfunga atanenepa, asahau panya."

Maneno hayo yalikuwa na sura ya huruma. Lakini paka hangoji mwenye nyumba amwone amekua. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne, huibeba kwa takriban siku 63 hadi 65, na huweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Uzazi wake hufuata mwanga wa jua: kule Ulaya, siku fupi za majira ya baridi humpumzisha. Nabuyoga iko chini ya digrii moja kutoka ikweta, mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo msimu wa kupumzika haupo.

Kabla hajatimiza mwaka, paka akazaa wanne. Majirani wakawagombania. Mama alipomkumbuka daktari, tumbo lilikuwa limeshajaa tena. Akasema ngoja azae. Kisha ngoja wanyonye. Kisha ngoja mavuno yapite. Mabinti nao wakapandwa na kaka zao, maana paka hajui undugu. Ikafika siku hakuna jirani aliyetaka paka hata wa bure. Kuwaua mama aliogopa, basi akamlipa kijana wa bodaboda awatie vitoto guniani, akawamwage sokoni usiku.

Waliobaki nyumbani hawakushiba, wakageukia vifaranga vya watu. Mmoja akamng'ata mtoto wa jirani. Kidonda kikaoshwa kwa maji na sabuni dakika 15, kisha mtoto akapelekwa hospitali kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa, kwa kuwa paka asiyechanjwa anaweza kuuambukiza ugonjwa huo kama mbwa. Wiki hiyohiyo mwenye vifaranga akatega nyama yenye sumu. Wa kwanza kuila alikuwa yule paka wa stoo, mwindaji hodari kuliko wote. Wengine wakafa, wengine wakatokomea. Msimu uliofuata panya walirudi, na mama akauza mahindi yaliyotafunwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Funzo ni hili. Mama huyu hakuwa mkatili. Alimpenda paka wake, na kila sababu yake ya kungoja ilifaa kwa siku yake. Zilipojumlishwa ndipo zilipomfilisi. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Umri unaofaa kumfunga paka kizazi ni miezi minne, na usivuke mitano. Mwaka 2017 Chama cha Madaktari wa Mifugo cha Marekani kiliunga mkono kipimo hicho cha miezi mitano. Katika umri huo mafuta ya tumboni ni machache, upasuaji ni mwepesi na kidonda hupona upesi. Jike aliyefungwa kabla ya miezi sita hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa takriban asilimia 90. Kuzaa mara moja hakumwongezei afya yoyote. Uwindaji nao haupotei pamoja na kizazi, na paka hunenepa akilishwa kupita kiasi. Dume pia ahasiwe, la sivyo atazurura, atapigana na kurudi na majeraha.

Madaktari wengi wa vijijini hubeba dawa za ng'ombe na mbuzi. Basi kaya kadhaa zikichanga, zinaweza kumwita daktari aje siku moja na vifaa vya kuwahudumia paka wote. Kitoto cha paka kisilazwe njaa usiku kucha kabla ya upasuaji; mwulize daktari, kwani saa chache hutosha. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza kutolewa katika miezi mitatu, kwa hiyo ambaye hajaipata aipate siku hiyohiyo.

Basi ukipewa paka leo, mwulize aliyekupa kazaliwa mwezi gani, hesabu minne, na uweke miadi na daktari kabla hujampa paka jina.