Kidato cha Kwanza na Lugha Ngeni

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania Bara kwa kawaida husoma hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, fizikia, kemia, biolojia na jiografia, yote ni kwa Kiingereza. Kwenye dawati moja naye ameketi mwingine aliyetoka shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, aliyeizoea lugha hiyo tangu chekechea. Mwalimu akiuliza, huyu wa shule binafsi ananyoosha mkono. Mwenzake jibu analijua, maneno ndiyo hana. Huyo si mzito wa akili, jamani! Wazazi, msimcheke akikosea. Walimu, mwacheni aulize kwa Kiswahili, kisha mfundisheni kulisema swali lilelile kwa Kiingereza, polepole, mpaka aweze.