Mtetemo wa Kuazima

Zipo programu za kompyuta zenye kazi ya kuharibu. Hupewa ramani ya nyumba iliyokwisha kunyooka, ambayo kila pembe yake imefungwa barabara na kila mstari una unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho, nazo huirudisha ikiwa imetetemeka. Mistari imeyumba kidogo. Penye pembe imepitana, kana kwamba aliyechora alikuwa na haraka. Hapa imekolea, pale imefifia. Na juu ya yote pametandazwa vumbi la kijivu, mfano wa penseli iliyosuguliwa kwenye karatasi yenye chembechembe. Katika miaka ya 1990 wasanifu wa majengo walikuwa nayo moja iliyoitwa Squiggle. SketchUp, iliyotoka mwaka 2000, ilikuja nayo baadaye ikiwa ndani ya programu yenyewe: mtumiaji huamua mistari ipitane kwa kiasi gani na iyumbe kwa kiasi gani, akabofya, na ramani iliyokuwa kali kama wembe ikawa kama imechorwa barazani baada ya alasiri.

Mpenzi msomaji huenda akauliza jambo hili lina nini hata liingie katika kurasa za washairi. Lina swali ambalo washairi wamelizoea: je, alama ya mkono isiyotoka mkononi ni pambo, au ni ghushi?

Ajabu ya kwanza imo katika historia yenyewe. Mwaka 1963 kijana mmoja, Ivan Sutherland, alikamilisha katika chuo cha MIT nchini Marekani programu aliyoiita Sketchpad, inayohesabiwa kuwa mama wa programu zote za kuchorea. Mtu alishika kalamu ya mwanga akachora juu ya kioo, mkono ukiyumba kama mikono yote iyumbavyo. Kisha akaiamuru mashine mistari hii miwili iwe sambamba, na hii iwe sawa kwa urefu, nayo ikanyoosha. Sifa yake kubwa ilikuwa hiyo, kuuondoa mtetemo. Miaka thelathini baadaye watu walikuwa wakinunua programu nyingine ili kuurejesha. Binadamu amelipa mara mbili: kwanza aondolewe mkono wake, kisha auziwe mfano wa mkono huo.

Nasema mfano, kwa sababu mtetemo huo hautoki kwenye uchovu wala haraka wala shaka. Unatoka kwenye hesabu. Kompyuta hutengeneza nambari zinazoonekana za kubahatisha, ilhali zimekokotolewa kutoka nambari moja ya kuanzia. Ukiipa nambari ileile ya kuanzia, itatetemeka vilevile, pale pale, hata ukiuchapa mchoro mara mia. Mkono wa mtu hauwezi kurudia kosa lake kwa uaminifu wa namna hiyo.

Mwingereza John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1849 juu ya taa saba za usanifu wa majengo, aliuhesabu udanganyifu katika ujenzi kuwa wa aina tatu: jengo kujidai kushikiliwa na kitu kisicholishikilia, kupaka rangi ili kitu kionekane kuwa kingine, kama mbao kujifanya marumaru, na kutumia mapambo ya kusubu au ya mashine mahali pa yale ya mkono. Angekuwapo leo, programu zetu hizi angezitia katika fungu la tatu bila kusita. Mimi nasita. Pambo la mlango hudumu pamoja na mlango, na anayelinunua hulipia siku za fundi aliyeinama na patasi. Ramani ni kitu cha kupita. Haikai ukutani, kazi yake ni kusema, na ikishasema hukunjwa. Basi kosa lake, kama lipo, hatulitafuti katika chombo kilichotumika. Mshairi aliyetunga kwa kompyuta, akachapa diwani yake kwa herufi zenye sura ya mwandiko, hajamwibia mtu kitu, japo mimi binafsi herufi za namna hiyo huzikinai kabla sijamaliza ubeti.

Tuulize badala yake mstari wa penseli husema nini.

Wazee wetu waliiita kalamu ya risasi, na katika jina hilo mna kosa la kale lililotoka Ulaya. Tangu karne ya 16 Waingereza walikuwa wakichimba Borrowdale jiwe laini jeusi wakilidhani ni aina ya risasi. Kumbe ni kinywe, ndugu wa makaa na almasi, kile kile kilichomo ardhini Mahenge kwetu Tanzania. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alikichanganya na udongo wa mfinyanzi akakichoma, akaweza kuipa kalamu ugumu au ulaini autakao. Faida ya kinywe ni kwamba hakizami ndani ya karatasi kama wino uzamavyo. Hukaa juu juu, na ufutio hukiondoa. Ndiyo maana mchoro wa penseli, kabla hujatazama umechora nini, umekwisha kukuambia neno moja: bado. Aliyeuchora bado anafikiri. Unaweza kunyoosha kidole ukasema dirisha hili lihamie kule, naye asione taabu.

Wanaozitetea programu hizi hushika hoja hiyo hiyo, na hoja yao ina uzito. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Magdeburg, Ujerumani, walitangaza matokeo ya kuwauliza wasanifu na wanafunzi wa usanifu 54 juu ya michoro ya aina mbalimbali: ule wa kawaida wa kompyuta, ule wenye vivuli kama picha, na ule uliofanywa na programu ufanane na wa mkono. Kwa kazi iliyokamilika walipendelea miwili ya kwanza. Kwa rasimu ya mwanzo, wa tatu. Yeyote aliyewahi kujenga anaijua sababu. Mwenye nyumba akiletewa ramani iliyonyooka, yenye vipimo hadi milimita, hunyamaza. Huona neno limekwisha kukatwa na wajuao. Akiletewa iliyolegea, ulimi wake hulegea nao. Basi msanifu ambaye kweli hajaamua, lakini chombo chake hakijui kuchora isipokuwa kana kwamba ameamua, anapoulegeza mchoro wake anausogeza karibu na ukweli. Mstari mkali wa mashine ndio uliokuwa ukisema uongo, ukidai yakini asiyokuwa nayo mwenyewe. Hapo kuazima mtetemo ni adabu tu, kama mtu anavyoanza rai yake kwa kusema "nadhani".

Lakini neno "nadhani" nalo lina watu wanaolitumia wakiwa wamekwisha kuamua.

Tuchukulie mtaa wa zamani unaotakiwa kupisha hoteli. Wakazi wanaitwa mkutanoni, wazee wanakaa mbele, akina mama nyuma, na ukutani inabandikwa michoro. Ni ya penseli, laini, mistari imepitana penye pembe, miti imedokezwa kwa mkwaruzo mmoja mmoja. Mgeni mpole anasema: haya ni mawazo tu, tumekuja kusikiliza. Na katika kompyuta yake nyumba ile ile iko kamili, nondo zimehesabiwa, mkandarasi amekwisha kupewa bei. Bibi mmoja anasimama, anasema njia ya kwendea kisimani isizibwe, anaandikwa jina, anashukuriwa. Anarudi kwao akiamini amesema. Katika mchoro ule hakuna kipimo hata kimoja cha uongo; Ruskin asingepata ukuta uliojidai wala marumaru ya rangi. Uongo umo katika ule mtetemo wenyewe, uliosema "bado" juu ya jambo lililokwisha. Naona huu ni mbaya kuliko wa mbao kujifanya marumaru, maana marumaru bandia humpunja mtu macho, na huu umempunja nafasi yake ya kukataa wakati kukataa kungefaa kitu.

Basi sikubaliani na wanaosema tuzipige marufuku sura hizi, wala na wanaosema ni mitindo tu. Mchoro hushuhudia hali ya nia ya mchoraji, nayo nia yaweza kusingiziwa kwa mstari ulionyooka kama kwa uliotetemeka. Mmarekani Michael Graves, msanifu mashuhuri, aliandika mwaka 2012 kulilia kupotea kwa kuchora kwa mkono, akishikilia kwamba mkono unapochora ndipo akili inapofikiri. Naafiki. Ila mkono unaofikiri hauwezi kupatikana mwishoni, baada ya fikra kwisha, kwa kubofya.

Kwetu visiwani jambo hili lina sura nyingine, nayo ndiyo inayonishughulisha zaidi. Nyumba za Mji Mkongwe hazikunyooka. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na upana wa chumba ukaamuliwa na boriti ya mkoko, ambayo hairuhusu zaidi ya kama mita tatu. Ukuta ulifuata ukuta wa jirani, jirani akafuata kichochoro, na kichochoro kilifuata miguu ya watu. Fundi alikuwa na uzi na timazi, lakini alikuwa pia na jirani wa kuheshimu. Matokeo yake ni chumba ambacho pembe zake nne hakuna hata moja iliyo mraba, na anayekipima hana budi kupima mishazari yote miwili ndipo ajue kimeinamia wapi.

Sasa mtu huja na kompyuta, hupima urefu na upana, na kwa kuwa mashine hupenda pembe mraba, chumba hunyooshwa. Kisha, ili ramani ipate haiba ya kale iwafaayo watalii, hutetemeshwa. Inapendeza! Ukiiona utasema huu ndio Mji Mkongwe hasa. Na katika mitetemo yote iliyomo, hakuna mmoja ulio wa ukuta ule. Mpindo wa kweli, uliotokana na jirani na kichochoro na urefu wa mkoko, umefutwa. Mahali pake umetiwa mpindo wa nambari ya kuanzia. Siyo kwamba mchoro umekosa usahihi tu. Umekosa usahihi mara mbili, na mara ya pili umevaa nguo za mkweli.

Mstari wa mpimaji aliyekaa chini ya ukuta na kalamu ya risasi nao huyumba, lakini una wa kumjibu: ukimwuliza kwa nini hapa umepinda, atakupeleka pale akuwekee mkono wako ukutani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilianguka. Ukuta ukishaanguka hapana tena pa kumpeleka muulizaji. Kinachobaki ni karatasi, na anayetaka kuurudisha atainamia mistari ile mmoja mmoja, akijaribu kutambua upi uliyumba kwa sababu jiwe liliyumba.