Mashua Nyingine



Somo: Marko 4:35-41.

Mama mmoja wa kundi letu la kufuma amemaliza shali. Alipoianza nilimshauri atumie uzi mwekundu au wa manjano, maana hapa Bujumbura shali ya rangi ya furaha hupata mnunuzi upesi. Hakunisikiliza. Alianza na kijivu, kama Ziwa Tanganyika kabla ya mvua. Akaingia kwenye nyeusi, wingu linaposhuka kutoka milima ya Uvira, kisha mistari myembamba myeupe, povu la mawimbi. Nikamwomba apunguze ule weusi. Akajibu, "Mchungaji, nikiufumua huo, na yote niliyofuma juu yake yanafumuka."

Wengine humwita mjane. Yeye hakubali. Mume wake alibaki ng'ambo, na hakuna aliyeleta habari zake.

Ndugu zangu, bahari ya Galilaya nayo ni ziwa, dogo kuliko letu, na upepo hulishukia kutoka vilimani. Wanafunzi walimwamsha Yesu kwa maneno makali, karibu ya kumlaumu. Marko hakuyaficha. Anasema Yesu alikemea upepo kwanza, ndipo akawauliza habari ya imani yao. (Mathayo 8:26 anapanga kinyume, someni wenyewe.) Mimi nimehubiri mara nyingi kinyume cha Marko: nimewakemea wenye hofu, upepo nikauacha. Mnisamehe.

Lakini tazameni mstari wa 36. Marko peke yake anataja kwamba palikuwa na mashua nyingine pamoja naye. Nilisoma habari hii chuoni, nikaihubiri miaka mingi, nisizione. Katika mashua zile Yesu hakuwamo. Hakuna aliyekuwa na wa kumwamsha. Wala Marko hasemi zilifika wapi, na mimi sitawadanganya kwamba najua. Ila upepo ulipokoma, haukukoma kuzunguka mashua moja tu. Shwari ilikuwa kuu, juu ya maji yote, mpaka kwa wale wasiojua ni nani aliyesema.

Kwenye shali ile kuna alama mbili ndogo za kahawia, moja kila pembe. Nikauliza. "Hii ni mashua yetu, mimi na watoto." Na ile? "Ya baba watoto."

Alhamisi saa tisa alasiri tutawaombea wale ambao hatuna habari zao. Kila mtu aje na majina ya watu wake. Mama atakuja na shali yake, ameniambia haiuzwi.