Mwanangu, Anza kwa Mkaguzi

Mwanangu, nimesikia unataka kununua hisa. Vyema. Zamani mtu wa kwetu Kengeja akiwa na akiba alinunua mikarafuu au ng'ombe, basi. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 na kampuni ya TOL. Benki ya NMB ikaingia 2008, ya CRDB 2009. Leo unanunua kwa simu, umekaa zako barazani. Kama hisa za benki ni halali au la, hilo kamuulize sheikh wako. Mimi nataka tuzungumze habari ya vitabu vya hesabu.

Kila kampuni iliyo sokoni hutoa taarifa ya mwaka. Mbele huweka picha za watu wanaocheka na barua ya mwenyekiti. Barua ile ndiyo iliyoniponza. Ilikuwa tamu, na gawio nono, nikatoa pesa za karafuu za msimu mzima. Kurasa za nyuma sikuzifungua. Zilisema wazi kwamba kampuni ilikopa ndipo ikalipa gawio. Mwaka uliofuata hatukupata kitu.

Basi wewe nenda nyuma. Mizania itakuonyesha, siku ile mwaka unapofungwa, kampuni ina mali gani, inadaiwa nini, na wanahisa wanabakiwa na nini. Hesabu ya faida na hasara itakueleza mwaka mzima ulivyokwenda. Angalia na tarehe: benki zetu hufunga mwaka 31 Desemba, Vodacom na Safaricom hufunga 31 Machi. Usilinganishe kichwakichwa.

Halafu kuna mtiririko wa fedha. Vijana mnauruka, na mimi ndio ninaoupenda kuliko zote. Shangazi yako alikuwa na duka. Unga na sukari aliuza kwa mkopo, kila siku daftari likionyesha faida. Ulipofika wakati wa kuleta mzigo mwingine, drooni hamna kitu. Duka likafungwa, faida ikabaki daftarini. Kampuni nazo ni hivyo hivyo, mwanangu. Kampuni ikitangaza faida mwaka baada ya mwaka na biashara yenyewe haiingizi taslimu, jiulize pesa iko kwa nani.

Baada ya hapo yako maelezo ya hesabu, maandishi madogo yanayochosha macho. Yasome polepole, hata kwa siku kadhaa. Humo ndimo utakuta kesi zilizoko mahakamani, mikopo chechefu, na mikopo waliyopewa wakurugenzi wenyewe. Kenya waliliona hilo mwaka 2016. Chase Bank ilichapisha hesabu zake za 2015, kisha siku chache baadaye ikazichapisha tena, na mikopo ya watu wa ndani imepanda kwa mabilioni ya shilingi. Mkaguzi wa hesabu zake naye alitoa hati yenye shaka. Wateja wakakimbilia kutoa amana zao, na tarehe 7 Aprili Benki Kuu ya Kenya ikaiweka chini ya mrasimu, yaani msimamizi. Aliyekuwa akisoma ukurasa wa mbele tu alishtuka kama aliyeamshwa usingizini.

Ukurasa wa mkaguzi hauchukui muda. Tafuta aina ya hati: safi, yenye shaka, mbaya, au mkaguzi amekataa kutoa maoni. Soma na sehemu anayotaja mambo makuu ya ukaguzi. Hapo anakuonyesha palipompa kazi. Lakini usidanganyike, hati safi haina maana kampuni ni nzuri. Maana yake hesabu zimeandikwa inavyotakiwa, hata kama zinaonyesha hasara.

Najua una haraka, bei inapanda na wenzako wameshanunua. Taarifa hizi zimo bure kwenye tovuti za kampuni. Kabla hujatuma hata shilingi moja, shusha za miaka mitatu za kampuni unayoitaka, uje nazo hapa baada ya Isha. Tutaanza na ukurasa wa mkaguzi.